Homa Isiyo na Malaria

Ninyi mnaoanza kazi ya maabara siku hizi mna bahati ambayo hamuijui: hamtagombana na wagonjwa kama nilivyogombana nao mimi. Enzi zetu ukimwambia mtu hana malaria, anakununia kana kwamba umemnyima haki yake. Ametoka Galula kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope, mwili unamuuma, kichwa kinagonga, halafu wewe na hadubini yako unamwambia hujaona kitu. "Angalia vizuri, daktari!" Kila aliyevaa koti jeupe alikuwa daktari. Na tulikuwa na ule mtindo wa kumtajia mtu ana malaria ngapi. Basi utamsikia mzee anatoka dirishani anamtangazia mkewe kwa majivuno, "Nina malaria nne!" na mwenzake mwenye moja anajiona mnyonge.

Mimi ni Mama Nzowa. Nimeshughulika na damu na mikojo ya watu maisha yangu yote ya kazi, kwanza Tunduma pale mpakani, kisha huku kwetu Mbozi. Sasa nimestaafu, nina shamba dogo la kahawa na kuku wasionisikiliza. Vijana wa vyuo wakirudi likizo hunijia barazani, wananiuliza ni kipi kilinisumbua zaidi kazini. Wanategemea niseme kipindupindu, au ukimwi wa miaka ile ya kutisha. Nawaambia kilichonisumbua zaidi ni homa isiyo na malaria. 

Sikieni basi. Slaidi ikiwa safi, kijana, usikimbilie kuandika kwamba hakuna kitu ukaenda kunywa chai. Damu isiyo na malaria bado ni damu. Tazama chembe nyeupe, ni nyingi au zimepungua? Chembe sahani je, zile zinazogandisha damu, zipo za kutosha? Halafu omba mkojo. Vijana wa sasa hamuupendi mkojo, mnaushika kwa vidole viwili huku mmekunja pua. Mimi mkojo umenipa habari nyingi kuliko watu wazima wenye ndimi zao.

Neno "interferoni" nililisikia mara ya kwanza Tunduma, kwa mfanyabiashara mmoja, mzee Shabani, mtu wa Kondoa aliyehamia mpakani na kuzoea hata salamu za Kibemba. Alikuwa akiingia maabara anatusalimu wote "Mulishani mukwai!" hata sisi Wanyiha tusiojua Kibemba. Mzee huyu aliumwa ini, ini lile la virusi, akapelekwa Dar es Salaam kuanzishiwa sindano, kisha akawa anachomwa hapo hapo Tunduma. Akichomwa tu, jioni yake anatetemeka mpaka meno yanagongana. Asubuhi yuko kwangu.

"Mama, nipime malaria."

Nampima. Hana.

"Sasa hii ni dawa gani," akauliza, "inayoleta homa badala ya kuiondoa?"

Swali zuri hilo. Nikamfuata daktari wetu wa wakati ule, mtu mpole, akanieleza kwamba kilichomo kwenye ile sindano ni interferoni, kitu ambacho hata miili yetu wenyewe hukitengeneza kikiingia kirusi. Nilirudi nyumbani nikaitafsiri kwa maisha ya kwetu. Kijijini mwizi akiingia kwa jirani, jirani anapiga yowe. Yeye pengine ameshachelewa, ng'ombe wameshatolewa zizini, lakini nyumba za pembeni zinasikia, zinafunga milango, wanaume wanatoka na marungu. Interferoni ndiyo yowe hilo. Seli iliyoingiliwa inapiga yowe, seli za jirani zinajifungia ili kirusi kisipate pa kuzaliana, na askari wa mwili wanakuja mbio. Ile homa, ile baridi, ule mwili kuuma kama umelima heka nzima peke yako, sehemu kubwa ni kelele za yowe lenyewe. Mzee Shabani alikuwa anachomwa yowe la chupa! Nilipomwambia hivyo alicheka mpaka akakohoa. Na ini lake likatulia, namshukuru Mungu, akaendelea kutusalimu Kibemba.

Kumbe Mungu alikuwa ananifundisha neno hilo mapema, maana nilikuja kulihitaji Mbozi, kwa mwanamke aliyeitwa Skola.

Skola aliletwa na mama mkwe wake msimu wa kuchuma kahawa. Mama mkwe tulimwita Mama Halinga, mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Skola mwenyewe alikuwa mrefu, mwembamba, anaongea chini chini. Mashavuni na juu ya pua alikuwa na wekundu uliotanda. Vidole vimevimba viungoni.

"Huyu mkamwana wangu," akaanza Mama Halinga kabla sijawakaribisha, "kila tukianza kuchuma kahawa, yeye chali. Kahawa ikiisha, anainuka. Wifi zake wanasema anaumwa uvivu."

"Na wewe mama unasemaje?"

"Mimi nasema ni malaria. Ninyi ndio hamuioni."

Nikamtazama Skola usoni. Akafahamu ninachotazama.

"Wanasema najichubua," akasema. "Eti ni mkorogo. Mama, mimi hata losheni sina. Najipaka mafuta ya mgando tu."

Nikamtoa damu. Mama Halinga alipotoka kwenda kutafuta maji ya kunywa, yule binti aliniambia kitu ambacho sijakisahau. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeharibika, na ya pili pia. Mumewe, Bahati, alikuwa bado anampenda, lakini dada zake Bahati walikuwa wameanza kumtajia wasichana wengine, tena mbele yake, anapika wanawataja. "Nataka tu kujua kama nitaishi, na kama nitazaa," akasema. "Nikishajua, nitanyamaza." Jamani. Nilimfunga pamba mkononi huku macho yananiwasha.

Malaria hakuwa nayo. Chembe nyeupe zilikuwa zimepungua, chembe sahani hali kadhalika. Nikapeleka majibu kwa Daktari Neema, binti aliyekuwa amehamia kwetu si muda mrefu, mwenye tabia ya kuuliza maswali mpaka mgonjwa anasahau kilichomleta. Akaomba mkojo. Mkojo ukaonyesha protini, na protini haitakiwi kuwa kwenye mkojo. Ikiwamo, ujue figo zinavuja. Daktari Neema akamkalisha Skola na mama mkwe wake, akawauliza wanakula nini, wanalala wapi, na nani mwingine anaumwa nyumbani. Mwisho akauliza, "Akizidiwa, huko nyumbani mnamfanyaje?"

Mama Halinga akajinyoosha. Hapo alijua amefanya vizuri. "Namtoa nje asubuhi aote jua. Mkeka namtandikia mimi mwenyewe. Simruhusu kurudi ndani mpaka mwili upate joto."

Kwa ninyi mliokulia Dar, niwaeleze. Mbozi mwezi wa sita na wa saba baridi yake haina masihara. Mgonjwa kwetu hutolewa nje kuota jua, ndiyo huduma ya kwanza, kabla ya uji. Na jua lenyewe ni la kudanganya: linang'aa kutwa nzima lakini upepo ni wa baridi, hujui kama linakuchoma. Na huo ndio msimu wa kahawa, wanawake wako kwenye vichanja vya kuanikia kahawa tangu asubuhi wanageuza na kuchambua. Kwa hiyo Skola alikuwa anapigwa na jua kazini, akiumwa anatandikiwa mkeka apigwe na jua tena, kwa mapenzi.

Daktari Neema aliyatazama upya yale mashavu ya Skola. Akaandika rufaa ya Mbeya. Huko wakachukua vipimo ambavyo sisi hatukuwa navyo, majibu yakachukua muda wake kurudi, na yaliporudi ugonjwa ulikuwa na jina: lupus.

Kuwaeleza ndiyo ilikuwa kazi. Daktari Neema alianza vizuri, kingamwili, seli, vinasaba, nikaona Mama Halinga anahesabu mbao za dari. Nikamwomba daktari tusaidiane.

"Mama," nikasema, "kijijini kwenu yowe likipigwa mnafanya nini?"

"Tunatoka."

"Mwizi akikamatwa?"

"Tunarudi kulala."

"Basi mwili wa Skola unapiga yowe na haunyamazi."

"Mwizi yuko wapi?"

"Hakuna mwizi."

Akakunja uso. "Sasa hao waliotoka na marungu wanampiga nani?"

"Wanampiga mwenye nyumba. Viungo vyake, ngozi yake, figo zake. Na zile mimba pengine ziliumizwa hivyo hivyo."

Hapo Daktari Neema akadakia, akaeleza sehemu ambayo hata mimi nilikuwa siijui vizuri. Jua kali huua seli za ngozi. Kwa mtu mwingine mabaki yake yanafagiwa kimya kimya, maisha yanaendelea. Kwa Skola walinzi wa mwili wanayaona yale mabaki ya vinasaba vyake mwenyewe wanadhani ni ya kirusi, na yowe la interferoni linaanza upya. Nilikuwa sijamtazama Mama Halinga. Nilipomtazama, alikuwa ameacha kuhesabu mbao za dari.

"Mimi ndiye nilikuwa namtoa juani," akasema. Ile sauti ya ng'ambo ya mto ilikuwa haipo kabisa. Skola akamshika goti, akamwambia, "Mama, ulikuwa unaniuguza." Wakalia wote wawili, na Daktari Neema akajifanya anatafuta kalamu.

Kilichofuata lakini kilituchekesha. Dawa ya kumtuliza Skola ilikuwa haidroksiklorokwini, ambayo ni ndugu wa klorokwini ile ya malaria ya zamani. Inawazuia wale walinzi wasishtuke ovyo, yowe linapungua. Mama Halinga kusikia klorokwini tu, akaruka kwenye kiti.

"Ala! Si nilisema! Miezi yote mnaniambia hana malaria, leo mnampa dawa ya malaria!"

Tulieleza, tukaeleza tena, tukacheka, akanuna. Mwisho akakubali kwa masharti kwamba Skola akianza kuwashwa mwili, maana klorokwini ya enzi zetu ilikuwa inawasha mpaka unajikuna kwa ukuta, watairudisha siku hiyo hiyo. Skola hakuwashwa. Bahati alijenga kibanda cha majani ya migomba pembeni ya vichanja, Skola akawa anachambulia kahawa kivulini, amevaa mikono mirefu na kofia pana. Wifi zake walimcheka kidogo, wakachoka. Wekundu ukafifia, vidole vikalegea. Msimu wa kahawa ulipita Skola amesimama, na Mama Halinga akalitangazia kanisa zima.

Daktari alikuwa amewaambia wasubiri ugonjwa utulie ndipo watafute mtoto. Walisubiri. Siku Skola alipokuja na kipimo cha mimba chenye majibu mazuri, tulikumbatiana maabara, nikavunja kanuni zote za usafi.

Halafu, jamani, mambo yakaharibika.

Alikuja kliniki na Mama Halinga, miguu imejaa. Nikapokea kopo lake la mkojo, nikalitikisa kidogo kabla hata ya kuchovya kipimo. Hili mlishike: mkojo wenye protini nyingi unatoa povu, na povu lake halikimbii kufa. Lile lilikaa pale juu likinitazama.  Nikachovya, rangi ikabadilika kuliko siku ile ya kwanza kabisa.

"Dawa unakunywa?"

"Nakunywa," akasema, akatazama sakafu.

Nikamgeukia Mama Halinga. Naye akatazama sakafu. Hapo hasira zilinipanda, msinione hivi, nilikuwa na hasira za kutosha kuendesha mashine ya kukobolea. "Mnitazame! Nani kati yenu ananidanganya?"

Mama Halinga ndiye aliyesema. Zamani, akiwa binti, alikuwa na rafiki yake, msichana mzuri, mchangamfu. Alipata mimba asiyoitaka, akameza klorokwini nyingi ili aitoe. Walimzika. Wasichana wote wa kijiji walijua tangu siku hiyo kwamba klorokwini na mimba havikai nyumba moja. Basi Skola alipopata mimba, Mama Halinga alimwambia, mwanangu, hiki kidonge kitamuua mjukuu wangu. Na Skola, aliyekuwa amezika matumaini mara mbili, angekataaje? Vidonge vikaenda kufichwa ghalani chini ya mahindi. Kliniki wakawa wanaitikia tu.

Hasira zilinitoka zote. Ungemgombeza nini mtu kama huyo? Alikuwa anamlinda mtoto kwa nguvu zote alizonazo, na ulinzi huo ndio uliokuwa unamuua.

Daktari Neema hakugomba pia. Alivuta kiti akakaa karibu nao, magoti yakigusana. Aliwaambia kwamba yule msichana aliuawa na wingi wa vidonge alivyomeza, na kwamba dawa ya Skola, kwa kipimo alichoandikiwa, ndiyo iliyokuwa inamlinda mtoto na yowe. Mwanamke mwenye lupus akiiacha akiwa mjamzito, hatari inamjia yeye na mtoto. "Mama Halinga," akasema, "nahitaji unisaidie. Mimi sikai nyumbani kwenu. Wewe unakaa."

Skola alilazwa, akaanzishiwa dawa yake tena pamoja na predinisoloni ya kuwarudisha wale wenye marungu nyumbani. Zilikuwa siku ngumu. Kila asubuhi nilipima mkojo wake kabla ya wa mtu yeyote, na kila asubuhi Mama Halinga alikuwa ameshasimama dirishani kwangu amejifunga kanga, haulizi kitu. Nikikunja uso anaondoka. Siku povu lilipopungua nilimwonyesha kopo lenyewe kupitia dirishani. Alipiga vigelegele mbele ya foleni nzima kwa ajili ya mkojo! Watu walidhani kuna harusi.

Mtoto alitolewa kwa upasuaji kabla ya siku zake kutimia, mdogo, wa kike, analia kwa sauti ya bibi yake. Wakamwita Pendo.

Tangu hapo Mama Halinga akawa askari. Skola akitoka kwenda gulioni Mlowo, bibi yuko nyuma na mwavuli, kiangazi, hakuna hata wingu. Watoto wanawazomea. Asubuhi anasimama mlangoni na kikombe cha maji na kidonge, haondoki mpaka amwone amemeza. Na kila mwaka anahakikisha amepelekwa kupimwa macho, maana dawa ile ikitumika miaka mingi macho yanahitaji kuangaliwa. Wifi zake Skola nao wameacha kutaja wasichana.

Mimi interferoni sijawahi kuipima, kwenye maabara zetu za wilaya kipimo chake hakipo. Nimeijua kwa kelele zake tu. Lakini mnaniambia, ninyi vijana, kwamba huko duniani kuna sindano inayoziba masikio ya seli zisilisikie yowe la interferoni, na kwamba imeshaanza kuwasaidia wenye lupus. Huku kwetu sijaiona. Itafika. Mimi niliambiwa dawa za ukimwi hazitafika Mbozi, nikaja kuwaona watu niliowaaga wakiwa mahututi wamerudi shambani, wananunua mbolea. Kwa hiyo ikifika, mwe mmejiandaa.

Niwamalizie na hili la msimu wa kahawa uliopita. Mama Halinga alinijia nyumbani amechanganyikiwa, kumbeba Pendo hawezi tena, mtoto ameshaanza shule, amemwacha ndani. Homa kali, mwili unauma, mashavu mekundu. "Amerithi," akasema. "Mama Nzowa, amerithi yowe la mama yake." Nikamwambia mtoto apelekwe hospitali haraka, na mimi nikavaa viatu nikawafuata. Binti aliyerithi kiti changu maabara alimpima: hana malaria, chembe ziko sawa, mkojo safi. Daktari akamsikiliza kifua, akauliza shuleni kukoje. Nusu ya darasa lao walikuwa wanakohoa.

Nilipokwenda nyumbani kwao siku chache baadaye kumjulia hali, homa ilikuwa imeanza kushuka. Nikamkuta amefungiwa chumbani, dirisha limezibwa kwa blanketi, gizani, jua lisimguse. Skola ameketi pembeni yake. Bibi mlangoni anamlinda.

"Mama Halinga," nikasema, "kirusi kimeingia, mwili wa Pendo umepiga yowe, na sasa linanyamaza lenyewe. Ndivyo linavyotakiwa kufanya. Huyu ni mzima."

"Kwa hiyo tufanyeje?"

"Mtoe nje aote jua."

 Kisha akaingia ndani, akatoka na ule mkeka wake, akautandika mwenyewe uani, akaunyoosha pembe zote. Pendo akalala pale, jua la Mbozi usoni, akaanza kuomba uji. Skola alikaa kivulini kizingitini, ndani ya kibaraza, akimtazama mwanawe, na Mama Halinga alisimama katikati yao, mwavuli mkononi umefungwa, hajui ampe nani.